Miwani ya PlayStation Ilikosea Mlango

Wadau, leo naomba tuweke kando siasa za Manispaa na bei ya dagaa, tuzungumze gemu. Najua wapo watakaoguna. Eti mtu mzima, tena mwandishi wa habari mwenye shahada yake, anakaa anaandika habari za michezo ya watoto! Ngojeni kwanza. Pita Ujiji, pita Mwanga, Katubuka au Gungu Jumamosi jioni, hesabu vichwa vilivyojazana kwenye vibanda vya gemu, halafu uniambie kama hiyo ni habari ndogo. Hao ni wadogo zetu, hizo ni pesa zao, na kwa wengi wao kibanda hicho ndipo mahali pa kwanza walipogusa mashine yenye akili kuliko simu ya batani ya mzazi.

Swali ninalokutana nalo mara kwa mara, kwa kuwa watu hudhani mwandishi wa habari anajua kila kitu, ni hili: ile miwani ya PlayStation, ile unayovaa usoni ukajiona umo ndani ya gemu yenyewe, ina maana yoyote kwetu huku mwisho wa reli? Mwenye kibanda akiinunua, italeta wateja? Au ndiyo imeshakufa, tuisahau?

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiyekubaliana nami aanze kunoa kisu. Miwani ile ilikuja na gemu za mwanzo ambazo wakosoaji wengi walizisema vibaya, na katika mengi walikuwa sahihi. Lakini ndani ya gemu zile zile mlikuwa na mbili tatu zilizoonyesha njia, na njia yenyewe ilielekea kwenye kibanda cha Ujiji kuliko kwenye sebule ya London. Sony hawakuifuata. Walibisha hodi kwa mtu mmoja tajiri aliyekaa peke yake na mlango wake, wakaacha mlango wenye watu ishirini.

Tuanze na kifaa chenyewe kwa wasiokifahamu. Sony walikitangaza Machi 2014 kwa jina la Project Morpheus, mwaka 2015 wakakibadilisha jina kuwa PlayStation VR, na tarehe 13 Oktoba 2016 kikaingia sokoni. Ni miwani mikubwa yenye kioo ndani, inayounganishwa na PlayStation 4 kwa nyaya, ikipitia kwenye kiboksi kidogo cha pembeni. Mbele yake unaweka kamera, nayo inasoma taa za bluu zilizo kwenye miwani ili mashine ijue kichwa chako kimeelekea wapi. Ukigeuka nyuma, unaona kilicho nyuma yako ndani ya gemu. Ukiinama, unaona chini ya meza. Hicho ndicho wataalamu wanakiita uhalisia pepe.

Bei yake ilikuwa dola 399 kwa miwani peke yake. Aliyetaka furushi lenye kamera, vishikio viwili vya Move na gemu moja alilipa dola 499. Dola wakati huo ilikuwa inazunguka kwenye shilingi 2,180, kwa hiyo furushi lile lilikuwa milioni moja na elfu themanini na ushee, kabla ya usafiri, kabla ya ushuru, na kabla ya PlayStation 4 yenyewe ambayo lazima uwe nayo tayari. Kwa Mmarekani huo ulikuwa mkupuo mzito. Kwa kijana wa Kibirizi huo ni mtaji wa biashara.

Sasa gemu. Siku ya kwanza zilikuwapo thelathini hivi, na Sony waliahidi zitafika hamsini kabla mwaka haujaisha. Kwa idadi si haba. Ile iliyowekwa kwenye furushi ni PlayStation VR Worlds, kazi ya studio ya Sony ya London, yenye vijigemu vitano ndani yake. Kimoja kinakutumbukiza baharini ndani ya kizimba, papa anakuja kukizunguka. Kingine ni cha wezi wa London, unakaa kwenye gari na bastola mkononi. Ulikuwapo Batman: Arkham VR, unavaa kofia ya Batman na kuchunguza kesi, na kwa saa moja na nusu hivi umeshaimaliza hadithi. Ilikuwapo Until Dawn: Rush of Blood, unapanda behewa la kutisha na kupiga risasi mazimwi. Ilikuwapo RIGS ya mashine za vita zinazocheza ligi, Battlezone ya vifaru, Driveclub VR ya magari, Thumper na Rez Infinite kwa wapenda muziki, Job Simulator ya kuchekesha ambamo unafanya kazi za ofisini na dukani mbele ya maroboti.

Lawama kubwa ya wakati ule ilikuwa moja: vyakula vya kuonja. Unalipa pesa ya pishi zima, unaletewa kijiko hiki na kijiko kile. Papa anakuja, unapiga kelele, basi, mchezo umekwisha, ukirudia unajua papa atatokea wapi. Watu waliozoea kununua gemu moja na kuicheza miezi mitatu waliona wameibiwa. Nami nawaelewa. Ukikaa peke yako nyumbani na kifaa cha milioni moja, unataka kitu cha kukaa nacho.

Lawama ya pili ilikuwa kichefuchefu. Macho yanaambiwa unakimbia, sikio la ndani linalotunza mizani ya mwili linasema umekaa kitini, ubongo unashindwa kuamua nani mkweli, tumbo ndilo linaloadhibiwa. Sisi wa ziwani tunalijua jambo hili bila kusoma sayansi, maana aliyepanda boti kutoka Kibirizi siku ziwa limechafuka hana haja ya kuelezwa, tofauti ni kwamba kule bototini mwili ndio unaoyumba huku macho yakitazama sakafu iliyotulia. Gemu kama RIGS na Here They Lie zilisumbua matumbo ya wengi. Zile ambazo mchezaji anakaa mahali pamoja, au amewekwa ndani ya chumba cha rubani, zilisumbua kidogo. Watengenezaji walilijifunza hilo wakiwa tayari sokoni, kwa gharama ya matumbo ya wateja.

Lawama ya tatu sikuisikia sana huko nje, lakini kibanda chochote cha Kigoma kingeitoa dakika ya kwanza: mpira uko wapi? FIFA 17 ilitoka wiki mbili hivi kabla ya miwani hiyo, na haikuwa na chochote cha miwani. PES vile vile. Mpaka PlayStation VR inazeeka, gemu zile mbili ambazo ndizo zinazolipa kodi za vibanda vyetu hazikuingia humo. Kilichokuwapo ni Headmaster, gemu ndogo ya kupiga mpira wa kichwa. Mpira unarushwa, unautikisia kichwa chako mwenyewe, unalenga goli na shabaha nyingine za ajabu ajabu. Mnacheka, lakini tafakarini. Mji ambao tangu 2023 una Mashujaa FC kwenye Ligi Kuu, Uwanja wa Lake Tanganyika unajaa, ukimpa kijana wa hapa mchezo wa kupiga vichwa kwa kichwa chake cha kweli, pedi hana, maelekezo hahitaji. Angeelewa kwa sekunde tatu.

Haya, sasa nifike kwenye zile gemu nilizosema zilionyesha njia.

Ya kwanza inaitwa The Playroom VR. Ilitolewa bure siku ile ile ya uzinduzi, na pengine kwa sababu ya ubure wake ikachukuliwa kama njugu za kusubirishia chakula. Ni kapu la michezo midogo. Katika mmoja, aliyevaa miwani ni zimwi kubwa la baharini linalobomoa mji kwa kichwa, na wenzake hadi wanne, wakiwa na pedi za kawaida, ni maroboti madogo yanayolikimbia kwenye skrini ya televisheni. Katika mwingine, mwenye miwani ni paka aliyejificha nyuma ya pazia, wenzake ni panya wanaonyemelea jibini. Paka akichungulia, panya waganda. Televisheni inaonyesha dunia ya panya, miwani inaonyesha dunia ya paka. Watu watano, miwani moja, kelele chumba kizima.

Ya pili ni Keep Talking and Nobody Explodes. Mmoja kavaa miwani, mbele yake kuna bomu lenye nyaya na vitufe, dakika zinakwenda. Wenzake hawalioni bomu. Wao wana kijitabu cha maelekezo ambacho unaweza kukichapisha kwenye karatasi pale stesheni. Mwenye miwani anaeleza anachokiona, wenye karatasi wanapekua na kumwambia akate waya gani. Wakielewana, wanapona. Wakianza kubishana, na tunavyojua kubishana, bomu linalipuka. Hakuna anayekaa bila kazi humo. Kijitabu kile ukikitia kwenye Kiswahili, hata mjomba aliyekuja kumwita mtoto akale atavuta kiti.

Kwa nini nazipa uzito gemu hizi mbili? Kwa sababu zinajibu tatizo kubwa la miwani ile kuliko gharama na kichefuchefu, nalo ni upweke. Ukivaa miwani umewaacha wenzako chumbani. Huwaoni, na wao wanakuona umekodoa kichwa hewani kama mtu aliyepandisha mashetani. Katika nyumba ya mtu mmoja hilo halina madhara. Katika dunia yetu hilo ndilo linaloamua kila kitu.

Angalia tulivyopokea kila mashine iliyofika hapa. Televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, kaka zetu na wazazi wetu waliitazama kwa jirani, kwenye mikeka, dirishani wakining'inia wengine. Ikaja mikanda ya video, tukapata vibanda umiza. Zikaja mechi za Ulaya, vibanda vikaongezeka. PlayStation ilipofika haikukaa sebuleni, ilikwenda moja kwa moja kibandani, na humo imeshika adabu yake: anayefungwa anatoka, anayesubiri anaingia, na wasiocheza wanalipia kwa kelele zao. Kijana anacheza mechi moja, anatazama kumi. Kutazama ni nusu ya utamu, na kupiga domo kuhusu ulichokitazama ni ile nusu nyingine.

Sasa rudi kwenye lawama ya vyakula vya kuonja uitazame ukiwa kibandani. Gemu ya dakika tano, ambayo mtu mmoja kwao anaiona wizi, kibandani ni zamu. Papa anayetisha mara moja tu anamtisha kila mteja mpya kwa mara yake ya kwanza, na waliokwisha kumwona wanabaki kumtazama mgeni anavyoruka. Ufupi ule uliowaudhi wanunuzi wa Ulaya na Marekani ungekuwa ndio biashara yenyewe huku. Tufanye hesabu ya kibandani. Tuseme zamu ya dakika tano ni shilingi 500, na kwa siku unapata zamu 30. Hiyo ni 15,000. Furushi la milioni moja na themanini linarudi kwa siku kama 72, achilia mbali umeme, kodi ya chumba na PlayStation yenyewe. Sisemi kila mtu angezipata hizo zamu 30. Nasema hesabu inaweza kukaa, wakati kwa mtu mmoja mmoja wa kipato chetu haikai kabisa.

Sony hawakuwa na hesabu hii mezani, na sioni ajabu, maana hawakututengenezea sisi. Waliendelea na mtu wao wa sebuleni, na niwe mkweli, walimletea vitu vizuri. Januari 2017 ikaja Resident Evil 7, gemu nzima ya kutisha unayoweza kuicheza mwanzo hadi mwisho ukiwa na miwani. Mwaka huo huo ikaja Farpoint na bunduki yake ya plastiki, ikaja Skyrim. 2018 ikawa neema: Moss, Astro Bot Rescue Mission, Tetris Effect, na Beat Saber ya kukata vipande kwa mdundo wa wimbo. Mwaka 2019 Blood & Truth. Anayesema miwani ile haikuwa na gemu nzuri hakuifuatilia baada ya mwaka wa kwanza.

Lakini neema ilichelewa. Hadi mwisho wa 2019 PlayStation VR zilikuwa zimeuzwa milioni tano. Ukilisikia peke yake ni jambo kubwa. Weka pembeni yake PlayStation 4 milioni 106 zilizokuwa zimeuzwa kufikia wakati huo huo. Kati ya wenye mashine ishirini, hata mmoja kamili mwenye miwani hatimii. Mtengenezaji wa gemu akiona hesabu hiyo anafikiri mara mbili kabla ya kuweka pesa zake, gemu zikipungua wanunuzi wanapungua, wanunuzi wakipungua gemu zinapungua tena. Studio iliyotengeneza RIGS, Guerrilla Cambridge, ilifungwa Januari 2017, miezi mitatu tu baada ya gemu yao kutoka.

Halafu tarehe 22 Februari 2023 wakaleta PlayStation VR2 ya PlayStation 5. Kioo bora mara nyingi, waya mmoja badala ya msitu wa nyaya, kamera ya nje haihitajiki tena. Bei dola 549.99, kwa kiwango cha wakati ule kama shilingi milioni 1.28. Kima cha chini cha mshahara serikalini wakati huo kilikuwa shilingi 370,000, kwa hiyo mtumishi wa chini angefanya kazi zaidi ya miezi mitatu bila kula ili aipate, na bado hajagusa PlayStation 5. Gemu ya kuitangaza ilikuwa Horizon Call of the Mountain, nzuri kwa macho, unapanda majabali na mishale mgongoni, peke yako. Na kibaya zaidi, gemu za miwani ya kwanza hazikuchezeka kwenye ya pili mpaka mtengenezaji aamue kuitengeneza upya. Maktaba yote ya miaka sita ikabaki nyuma, Playroom VR ikiwemo.

Wiki sita za kwanza ziliuzwa kama laki sita. Machi 2024 Bloomberg wakaripoti kwamba Sony wamesimamisha uzalishaji ili stoo ipungue. Mwaka huo huo Sony wakatangaza kuifunga studio ya London, ile ile ya papa na wezi. Machi 2025 bei ikashushwa hadi dola 399.99. Mfanyabiashara wa Mwanga akishusha bei hivyo, tunajua anachomaanisha.

Kuna kisa kimoja katika historia hii ambacho kinaniuma kuliko tarakimu zote. Ndani ya Playroom VR, yale maroboti madogo yaliyokuwa yanakimbia zimwi, ndimo alimokulia Astro Bot. Mwaka 2018 akapewa gemu yake kamili ya miwani, ikasifiwa kote. Mwaka 2024 akapewa nyingine kwa PlayStation 5, na Desemba ile ikatwaa tuzo ya Gemu ya Mwaka kwenye The Game Awards. Gemu hiyo ya ushindi haina miwani kabisa. Mtoto bora aliyezaliwa na maktaba ile ya mwanzo alihama nyumbani, akafanikiwa alipokwenda kuishi kwenye televisheni, mahali ambapo kila aliye chumbani anamwona.

Sasa nije kwenye upande wetu, maana sitaki mwenye kibanda aamke kesho akope. Vikwazo viko, na ni vya kweli.

Kwanza, huduma ya mtandaoni ya PlayStation haijafunguliwa rasmi Tanzania. Vijana wanafungua akaunti kwa kujifanya wako nchi nyingine, na mambo yanakwenda, lakini unajenga biashara juu ya uongo mdogo ambao siku yoyote unaweza kufungiwa. Na ile Playroom VR ya bure haikuuzwa kwenye diski, ilipakuliwa. Bure yake ilikuwa ya nchi zilizomo kwenye orodha.

Pili, umeme. Kwa miaka mingi Kigoma iliishi kwa majenereta ya dizeli ya TANESCO, hadi mwaka 2022 mkoa ulipoanza kuunganishwa na gridi ya Taifa. Tumepiga hatua, ila mtu akiwa ndani ya miwani umeme ukakatika, giza lake ni giza mara mbili.

Tatu, chumba. Kamera ya miwani ya kwanza inafuata taa, na mwanga mkali unaichanganya, kwa hiyo kibanda chenye mlango wazi na jua la saa kumi la kutoka ziwani kitasumbua. Nyaya zinakwaza miguu. Jasho la nyuso hamsini kwa siku moja linahitaji kitambaa na dawa ya kufutia, la sivyo tutaambukizana magonjwa ya macho. Na mwongozo wa Sony unasema miwani ile ni ya kuanzia miaka 12, wakati tunajua nusu ya wanaochungulia vibandani hawajafika huko.

Sasa kama vikwazo ni vingi hivyo na kampuni yenyewe imepoa, kwa nini nisiseme tuachane nayo? Kwa sababu miwani ya namna hii haitaisha na Sony. Zipo zinazojitegemea zisizohitaji PlayStation, na bei zinashuka. Itafika Ujiji kama simu ilivyofika. Swali ni itafika ikiwa na nini ndani yake, na nani kakiweka.

Hapo ndipo pananikosesha usingizi. Mwaka 2014 Google kwa kushirikiana na Taasisi ya Jane Goodall walipita Gombe na kamera ya kubeba mgongoni, wakapiga picha za pande zote za vijia vya msitu ule. Leo mtu wa Chicago anaweza kutembea Gombe akiwa kitini. Ni kazi nzuri, na Mama Goodall, aliyefika pale Julai 1960 akiwa na miaka 26 na kufariki Oktoba 2025, alistahili msitu wake uonekane na dunia. Lakini kijana wa Mwandiga ambaye hajawahi kukanyaga Gombe, na wako wengi, hakuwa kwenye mpango wa nani kabebe kamera. Msitu uko jirani yake, picha zake zinakaa kwa watu wengine.

Ndivyo ilivyokuwa hata kwa mwembe wa Ujiji. Mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone pale, na dunia nzima inalijua tukio lile kwa macho ya Stanley. Aliyekwenda mbio kumwambia Livingstone kuna mgeni anakuja ni Susi. Nani amewahi kutuonyesha siku ile kwa macho ya Susi? Miwani hii kazi yake ni hiyo hasa, kukuvisha macho ya mtu mwingine. Tukisubiri, tutavishwa macho ya Stanley tena, safari hii kwa dola.

Na hadithi tunazo. Chukua Liemba. Meli iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafumuliwa, ikapakiwa kwenye makasha, ikasafirishwa mpaka hapa na kuunganishwa, ikaingia majini 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina tunalolijua. Sasa fikiria mchezo wa kibandani: mmoja kavaa miwani, yuko usukani wa Liemba usiku, haoni ila weusi na taa za wavuvi wa dagaa zilizotapakaa majini. Wenzake wanne wako kwenye televisheni, wana ramani ya ziwa, wanaona miamba na mitumbwi. Wampigie kelele kushoto, kulia, punguza mwendo. Wakigombana, meli inapanda mwamba. Ni Keep Talking ya Kimanyema. Haihitaji kioo cha kisasa wala majabali ya Horizon. Inahitaji vijana watatu wanaojua kuandika programu, mmoja anayejua kuchora, na mzee mmoja wa bandarini wa kuwarekebisha. Nairobi wenzetu wa BlackRhino VR wamekuwa wakitengeneza kazi za uhalisia pepe kwa miaka, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba mambo haya hayafanyiki ukanda huu.

Kwa hiyo mwenye kibanda, ushauri wangu ni huu. Usikope kununua miwani mpya ya PlayStation, ya kwanza wala ya pili. Ukipata ya kwanza iliyotumika, kwa bei ya kutupa, ikiwa na kamera na Headmaster na ile gemu ya bomu, na PlayStation 4 unayo tayari, jaribu, funga pazia, nunua vitambaa, wadogo warudishe nyumbani, utaona watu watakavyopanga foleni kutazama mtu akirusha kichwa hewani. Mwanafunzi wa kompyuta unayesoma hapa ukiwa Dar au Dodoma, likizo ukirudi mwisho wa reli usikae kutuhadithia Horizon. Nenda kibandani, kaa nyuma kabisa, tazama wanavyocheza na wanavyotazama, halafu anza kuchora.

Mwenye hoja ya kunipinga, uwanja uko wazi. Hasa nyie wa Katubuka mnaosema gemu bila mpira si gemu, nawasubiri.

Nawasilisha.